Chini ya Mpira wa Kifuniko

Vijana wa maabara, wa chumba cha kukuzia seli, mliniomba niwaandikie miaka yangu ya kazi. Nilianza mara mbili na tarehe za kuajiriwa na kupandishwa, mara zote mbili nikasinzia mwenyewe kabla ya kumaliza ukurasa. Hayo yako kwenye faili, na faili halihitaji msaada wangu. Nitaandika yasiyo kwenye faili, na zaidi nitaandika juu ya wiki moja ambayo binti wa watu nusura arudishwe kwao na masomo yake yakatike, kwa kosa lililotoka kwenye mikono yangu.

Niliingia kituoni na cheti cha darasa la saba na wadogo watatu. Mama alitangulia, baba akamfuata kabla mwaka haujageuka, huko kwetu Handeni, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, sikwenda. Siandiki hivyo ili nihurumiwe, ila mjue kwa nini miaka ya mwanzo nilisoma lebo za Kiingereza za chupa kwa kidole, herufi moja baada ya nyingine, kama mtu anayehesabu shanga.

Nilihamia Korogwe na wadogo zangu wote kwa sababu niliambiwa kituo cha utafiti kinatafuta mwosha vyombo. Nilidhani vyombo vya jikoni. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa Mzee Mdoe, mtu wa Kerenge, mwembamba, aliyekuwa na sinki mbili na kiti kimoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Handeni."

"Handeni! Wametuletea mtu wa kuosha kutoka kwenye nchi ambako maji watu huyasikia kwenye redio." Akanipa chupa. "Osha hii."

Nikaiosha mpaka ikameta. Akaijaza maji, akaimwaga, akainyanyua dirishani. Ndani yalibaki matone matone. "Chafu," akasema. Chupa safi, alinieleza, maji hayagandi juu yake kama jasho kwenye paji la uso. Huteremka kama pazia. Nikaiosha tena. Chafu. Mara ya nne akaiweka kwenye rafu bila kusema neno, na kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa sherehe.

Nilichojifunza kwake nakiandika hapa kwa sababu sioni kikiandikwa kwenye mabango yenu mapya. Sabuni ni sumu kuliko uchafu. Suuza mara saba kwa maji ya bomba, mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, yale ya mvuke uliopozwa. Masika, maji ya bomba ya Korogwe yakija na rangi ya chai ya maziwa, acha kazi, ngoja, usijidai shujaa. Na vifuniko: vile vifuniko vya bati vyenye duara la mpira ndani, usiutoe ule mpira. Mpira ukichanika hakuna mwingine, huagizwa mbali, na chupa isiyo na mpira haizibi. Suuza kifuniko kama kilivyo, tia kwenye mkebe pamoja na wenzake, peleka kwenye mashine ya mvuke iue vijidudu. Nilimwona Mzee Mdoe akigombana na mgeni kutoka ng'ambo kwa ajili ya mpira mmoja uliochanika. Nami nikaishika sheria hiyo kama sala. Kwetu kitu kisichokuwa na kingine hakichezewi.

Mzee Mdoe alistaafu, mimi nikarithi sinki, kiti na mkebe wa vifuniko. Baadaye chumba cha seli kilifunguliwa, na kwa kuwa glasi zangu zilikuwa hazilalamikiwi, nikafundishwa kukihudumia. Mkuu wa maabara, tuliyemwita Dakta tu, alinikalisha kwenye darubini kwa mara ya kwanza, akaniuliza naona nini.

"Mawe ya mtoni," nikasema.

"Hayo mawe yanakula, yanakua na yanagawanyika. Leo moja, kesho mawili. Ukiyanyima joto yanakufa, ukiyapulizia pumzi yanapata ugonjwa. Una watoto?"

"Nina wadogo watatu."

"Basi kazi unaijua."

Zilikuwa seli za utumbo mpana wa binadamu, zilizoanza kukuzwa ng'ambo kutoka kwenye uvimbe wa mgonjwa, na zimeendelea kugawanyika kwenye chupa tangu hapo. Zilikula maji mekundu yenye sukari, chumvi na seramu, maji ya damu ya ndama. Kama maji yakigeuka manjano, zimechafua mahali pao, badilisha. Kama yakiwa na ukungu, kuna bakteria, na hapo huombi ruhusa, unaua kila kitu kwa dawa na unaanza upya. Nimewahi kuua chupa kumi na mbili asubuhi moja kwa sababu ya fangasi mmoja aliyeingia na vumbi la kiangazi. Wadogo zangu waliniuliza nani amefariki.

Kisha akaja Neema.

Alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, binti wa Kisambaa kutoka milimani, mwembamba, mwepesi wa kucheka, aliyekuja kufanya utafiti wake kwa Dakta. Aliniita Dada Mwanamvua tangu siku ya kwanza, akabeba ndoo yangu bila kuombwa. Wanafunzi wengine walidhani ndoo hutembea zenyewe.

Swali lake lilikuwa hili, nalo alinieleza tukiwa tunakula kunde. "Dada, hizi kunde na dona, kuna sehemu ambayo tumbo lako haliwezi kuisaga. Inashuka mpaka utumbo mpana. Huko kuna bakteria wanaisubiri kama wageni wa arusi."

"Wanaila?"

"Wanaila, wanaichachusha, halafu wanatoa asidi. Asidi za mafuta zenye mnyororo mfupi. Kubwa ni tatu: asiteti, propioneti na butireti. Seli za utumbo zinaishi ndani ya asidi hizo kila siku. Mimi nataka kujua kila moja inazifanya nini."

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuielewa, ngumu kuifanya. Makundi manne ya chupa. La kwanza linapewa chakula kitupu, ndilo la kulinganishia. La pili chakula na asiteti, la tatu propioneti, la nne butireti. Kila baada ya siku mbili unahesabu seli chini ya darubini. Zile za asiteti ziliendelea kugawanyika kana kwamba hazikuambiwa kitu. Za propioneti zilipunguza mwendo kidogo. Za butireti ndizo zilizonishangaza. Hazikufa. Ziliacha kugawanyika, zikajitandaza, zikawa bapa na pana, kama mtu aliyeacha mbio za ujana akakaa kitako. Neema alisema butireti huingia mpaka kwenye kiini cha seli na kulegeza namna nyuzi za urithi zilivyofungwa, hivyo maagizo yaliyokuwa kimya yanaanza kusomwa, na mojawapo ya maagizo hayo ni "acha kugawanyika". Sikuelewa yote. Nilielewa kwamba ni amri na si sumu.

Butireti tuliipata kama unga mweupe, chumvi ya asidi. Neema aliuyeyusha ukawa maji makali, akayahifadhi kwenye chupa ndogo, akawa anachota kidogo kidogo. Ilikuwa na harufu ya samli iliyochacha. Chupa hizo zikiisha zilikuja kwenye sinki yangu.

Mwezi wa kwanza hesabu zilikwenda vizuri. Wa pili zikaanza kugoma. Kundi la chakula kitupu, ambalo lilipaswa kukua kama magugu, safari nyingine lilikua, safari nyingine lilisimama. Hata asiteti ikaanza kufanya hivyo. Hakukuwa na mpango. Neema alirudia mara tatu, mpaka mwezi wa tatu ukaisha. Alibadilisha seramu, akabadilisha pipeti, ile mirija ya kuchotea, akalikagua kabati la joto kwa vipimajoto viwili. Aliacha kucheka. Akaacha pia kula mchana.

Dakta aliitazama karatasi ya hesabu ya Neema mbele yangu, mimi nikifuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa.

"Neema, chupa zako za kulinganishia zinafanana na za butireti."

"Naona, Dakta."

"Butireti haina miguu. Kuna mtu anaihamisha."

"Nabadilisha pipeti kila chupa. Kweli tupu."

"Kila chupa?"

"Kila chupa, Dakta. Muulize Dada Mwanamvua."

Dakta hakuniuliza. "Jumatano ijayo wanakuja walimu wako wa chuo. Watataka kujua kama uendelee au wakurudishe. Nikiwaonyesha hii, nitasema nini? Kwamba mwanafunzi wangu hajui kuchota maji?"

Neema alikunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni. Nilijua nyumba aliyotoka, alikuwa amenihadithia. Baba yake aliuza shamba la juu, lenye maji, ili asome. Akirudishwa hakuna shamba jingine la kuuza.

Hiyo ilikuwa Jumatano, wiki moja kabla ya walimu kuja. Alhamisi, saa tisa alasiri, nilifungua mashine ya mvuke nitoe mkebe wa vifuniko. Mvuke ukanipiga usoni, na ndani ya mvuke kulikuwa na samli.

Nilisimama. Mkebe huo ulikuwa umesuuzwa mara kumi na mimi mwenyewe. Nilikiinua kifuniko kimoja, nikakinusa. Hakuna kitu. Cha pili, hakuna. Cha tano kilinuka. Nikachukua pini kutoka kwenye mtandio wangu, nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nianze kazi: nikaubandua mpira. Chini yake, kwenye duara la bati, kulikuwa na utando mweupe uliokauka, kama chumvi kwenye ukingo wa sufuria.

Basi hapo mambo yalinijia yote kwa pamoja, na nilitamani yaje polepole. Neema akitikisa chupa ya butireti, maji makali yanapenya chini ya mpira. Mimi nasuuza juu ya mpira. Maji yangu hayafiki chini. Kifuniko kinakwenda mkebeni na wenzake, kinatoka, kinafunga chupa yoyote, hata ya chakula kitupu. Kikitikiswa, ule utando unayeyuka. Chupa ni ndogo. Utando huo unatosha. Vifuniko vingine vilikuwa salama, vingine sivyo, ndiyo maana hesabu hazikuwa na mpango. Butireti ilikuwa na miguu, na ilikuwa miguu yangu.

Nilivinusa vyote. Saba kati ya vifuniko arobaini. Nikavitenga kwenye kikombe, nikakifunika kikombe kwa sahani. Saa kumi Dakta alipita mlangoni.

"Mwanamvua, hujambo huko?"

"Sijambo, Dakta."

"Haya, kesho."

"Kesho, Dakta."

Sitawadanganya, nyinyi mnaosoma haya mkiwa vijana. Nilikuwa na neno mdomoni na nikalimeza. Hapo kituoni kulikuwa na sheria moja ya chumba cha seli: anayechafua seli za mwenzake hagusi tena chumba kile. Mwosha vyombo asiyegusa chumba kile hakuwa na kazi nyingine pale. Mdogo wangu wa mwisho, Hamisi, alikuwa kidato cha nne, wiki chache kabla ya mtihani. Ningeweza kuvitoa vile saba kimyakimya, vikatupwa, na kuanzia siku ile hesabu zingenyooka. Hakuna ambaye angejua. Neema naye angekuwa ameshaondoka siku ile ya walimu, na angeondoka akiamini kwamba hajui kuchota maji.

Nyumbani nilipika, sikula sana. Mdogo wangu Saida alikuwa ananitazama tokea mlangoni.

"Dada, hiyo sahani umeiosha mara tatu."

"Ilikuwa na mafuta."

"Tulikula mchicha wa chumvi."

"Saida, nenda kasome."

"Nimemaliza shule mwaka juzi, dada."

Ijumaa saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Dakta na kile kikombe. Neema alikuwa ndani, akipanga karatasi zake. Nilidhani nitamsubiri atoke. Kisha nikaona kwamba nikisubiri nitapata sababu nyingine, na nyingine baada ya hiyo.

"Dakta, butireti imo kwenye vifuniko. Ni mimi."

Nilivimwaga mezani, nikauinua tena kwa pini mpira wa kile cha jana, nikamsogezea. Alinusa. Akampa Neema. Neema alinusa, akafumba macho.

"Nani alikufundisha kuosha bila kutoa mpira?" Dakta akauliza.

Mzee Mdoe alikuwa Kerenge anapalilia mahindi yake. Ingekuwa rahisi. "Mikono iliyoosha ni yangu," nikasema.

"Umejua lini?"

"Jana saa tisa."

Akatazama saa yake, sijui kwa nini. "Na saa kumi nilikusalimia hapo mlangoni."

"Ndiyo, Dakta."

"Ukanijibu sijambo."

Neema ndiye aliyezungumza, na sauti yake ilikuwa ngeni kwangu, kavu. "Miezi miwili. Miezi miwili najiona mjinga. Nilikuwa naamka naitazama hii mikono yangu, dada." Akainua mikono yote miwili kama aliyekuja kunionyesha. Akatoka.

Dakta alinitaka nitoke kwenye chumba cha seli mpaka Jumatano. Hakunifokea. Angenifokea ningepumua.

Sasa nawaeleza Neema alivyofanya, maana hapo kuna somo kuliko kwenye machozi yangu. Hakuchukua maneno yangu kuwa jibu. Ukisema umekosa, bado haijathibitika kwamba kosa lako ndilo lililoleta matokeo. Siku hiyohiyo alichukua vifuniko sita vilivyonuka na sita vipya, vya mwisho kwenye boksi, akafunga navyo chupa kumi na mbili za chakula kutoka mtungi mmoja, akazitikisa sawasawa. Akaziandika namba tu, orodha akampa Dakta aifungie kwenye droo, ili macho yake mwenyewe yasimdanganye. Jumamosi asubuhi akazilisha seli chakula hicho, kila chupa kwa namba yake. Kisha akangoja, nami nikangoja upande wa pili wa ukuta, nikiosha chupa zilizokuwa safi.

Jumatatu nilimwona kupitia kioo cha mlango, ameinamia darubini. Alihesabu, akaandika, akahesabu tena. Akazibadilishia baadhi ya chupa chakula, akarudi kukaa. Hakugeuka kunitazama. Jumanne vivyo hivyo. Salamu tulipeana, za mdomoni.

Jumatano walikuja walimu wawili, mama mmoja mwenye miwani na mzee mmoja mwenye kikohozi. Dakta alimtuma mtu aniite. Nilivua aproni, nikaivaa tena, sikujua ipi ni heshima. Ndani kulikuwa na meza, chai ambayo haikunywewa, na Neema amesimama ubaoni.

"Huyu ndiye Mwanamvua," Dakta akasema. "Eleza kama ulivyonieleza mimi."

Sikuwahi kusema neno kwenye mkutano wowote pale. Nilieleza. Sinki, mpira, mkebe, mvuke, samli. Nilieleza na Alhamisi saa kumi, ingawa hakuna aliyeniuliza, kwa sababu Dakta alikuwepo na Neema alikuwepo.

Yule mama wa miwani alimgeukia Neema. "Umejuaje kwamba ni butireti na si uchafu tu wa kifuniko?"

"Uchafu ungeziua, mwalimu. Hizi hazikufa. Ziliacha kugawanyika na zikajitandaza, sura ileile ya butireti. Na Jumatatu, nusu ya zilizosimama nilizipa chakula safi. Leo asubuhi nimekuta zimeanza kugawanyika tena. Amri imeondolewa, zimerudi kazini." Akaweka orodha ya Dakta mezani karibu na hesabu zake. Chupa sita zilizosimama zilikuwa zilezile sita za vifuniko vilivyonuka.

Mzee wa kikohozi alizisoma zote mbili. "Kwa hiyo mwanafunzi hakuwa na kosa la mikono."

"Hakuwa nalo," Dakta akasema. "Nilikosea kumwambia vile. Nasema hivyo mbele yenu."

Walimu walinong'onezana. Neema aendelee, wakasema, aongezewe muda wa miezi ile miwili. Nikaona mabega yake yakishuka, kidogo sana, kama mtu aliyetua mzigo lakini bado haamini kama ameruhusiwa. Nilianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Na chumba cha seli?" yule mama akauliza. "Mtaweka mwosha vyombo mwingine?"

Dakta akamtazama Neema. "Kazi iliyoharibika ni yako. Sema wewe."

Neema alinitazama, kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Uso wake haukuwa na tabasamu, na sikulitarajia.

"Aoshe huyuhuyu," akasema. "Yeye kosa lake keshalifanya na keshalisema. Mwingine la kwake bado linakuja, na sijui kama atalisema."

Kisha akafuta ubao.

Alasiri ile nilikaa sinkini na pini, nikabandua mipira yote thelathini na mitatu iliyobaki, nikasuuza bati chini yake. Minne ilichanika. Niliandika barua ya kuomba mipya, kwa mkono wangu mwenyewe, kwa Kiswahili, na nikaeleza sababu.